Kabla Ulipe Fundi: Hizi Dawa za Lapi Yako Ziko Ndani ya Windows Tayari

Wasee, tuongee ukweli. Lapi ikianza kuwa slow, wengi wetu tuko na plan moja tu: tunaibeba kwa bag, tunashuka tao, tunapandia ngazi za jengo fulani na kumwachia fundi. Fundi anaiangalia dakika mbili, anatingisha kichwa, anasema, "Hii inataka Windows mpya." Unatoa doh, unarudi kejani na lapi safi, halafu unakumbuka ile folda ya project ilikuwa Desktop. Imeenda na upepo.

Noma ni kwamba mara nyingi shida ingeonekana bila kutoka kwa kiti. Windows 10 na 11 zinakuja na vifaa vya kupima na kurekebisha lapi, bila kudownload chochote na bila kulipa shilingi. Hata kama mwishowe utaenda kwa fundi, utaenda ukijua ni nini kimeharibika, na hapo hakuna msee atakuuzia kitu huhitaji.

Majina ya vitufe tumeyaacha vile utayaona kwa skrini. Kati ya Windows 10 na 11 yanaweza kutofautiana kidogo, so usishtuke.

Kwanza kabisa: okoa faili zako

Kabla uguseguse kitu, kama lapi bado inawaka, toa nakala ya kila kitu ambacho ukipoteza utalia: project, CV, vyeti ulivyoscan, picha, kazi za client. Weka kwa flashi ama diski ya nje. Zile ndogo ndogo peleka Google Drive, juu akaunti ya bure inakupa GB 15. OneDrive nayo inakupa GB 5.

Diski ikiamua kudedi haipigi hodi. Kila kitu kingine kwa hii list ni rahisi ukijua faili ziko salama.

1. Bonyeza Restart, usibonyeze Shut down

Unadhani ukizima lapi usiku na kuiwasha asubuhi imeanza upya? Zii. Lapi nyingi ziko na kitu inaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, Windows inahifadhi sehemu ya mfumo wake kwa diski ndio iwake haraka kesho. Matatizo ya jana yanaamka na wewe.

Restart ndio inasafisha kila kitu na kuanza upya. Kama lapi inahang, sauti imepotea ama Wi-Fi imegoma, Restart ndio dawa ya kwanza. Unataka ushahidi? Fungua Task Manager (hiyo inafuata hapa chini), ingia Performance, bonyeza CPU, ucheki palipoandikwa Up time. Kuna wasee watapata siku 20 na wanaapa walizima jana.

2. Task Manager: jua nani anakula lapi yako

Shika Ctrl + Shift + Esc kwa pamoja. Kama dirisha limekuja dogo, bonyeza More details. Sai bonyeza kichwa cha safu ya CPU, kisha Memory, kisha Disk. Kila ukibonyeza, anayekula sana anapanda juu.

Vile utasoma majibu:

- Memory iko juu ya asilimia 90: RAM imejaa. Mara mob ni Chrome na zile ukurasa 40 umefungua. Funga, ucheki kama inashuka.
- Disk iko asilimia 100 na hakuna kitu unafanya: ingia Performance, bonyeza Disk, uone kama ni HDD ama SSD. Kama ni HDD, hapo ndio shida yako. Windows za siku hizi zinaichosha diski ya aina hiyo. Kuweka SSD kutasaidia kuliko kupiga Windows mpya mara tano.
- CPU iko juu na feni inapiga kelele kama matatu ya Rongai: angalia jina la programu. Kama ni yako, ibonyeze kisha End task. Kama jina hulijui, usiue kwanza, litafute kwa intaneti.

Halafu nenda Startup apps. Hizi ni programu zinaamka na lapi bila kuulizwa. Zenye huhitaji kila asubuhi, bonyeza Disable. Hiyo haifuti programu, inaiambia tu ingoje uiite.

Kitu kingine poa: kabla uambiwe ununue RAM, bonyeza Performance, kisha Memory, ucheki Slots used. Ikisema 1 of 2, kuna nafasi ya kuongeza. Lakini lapi zingine nyembamba RAM yake imechomelewa kwa bodi, so tafuta modeli yako kwanza ndio utoe pesa.

3. Diski imejaa? Usianze kufuta ovyo

Disk C ikibakisha nafasi kidogo sana, kila kitu kinakwama, hadi apdeti. Fungua Settings, System, Storage. Itakuonyesha nini imejaza.

Bonyeza Temporary files, chagua za kufuta, kisha Remove files. Hapa ufungue macho: kwa hiyo list kuna kisanduku cha Downloads. Ukikiwekea tiki, kila kitu kwa folda ya Downloads kinaenda, pamoja na ile admission letter. Hakikisha hakina tiki.

Ukiona Previous Windows installation, hiyo ni Windows ya zamani imebaki baada ya apgredi. Inaweza kuwa GB kadhaa. Kama lapi iko fiti na hutaki kurudi nyuma, ifute. Baadaye washa Storage Sense ndio hiyo kazi ifanyike yenyewe.

4. Betri: usibahatishe, omba ripoti

Hii wengi hawajui. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua Command Prompt, kisha andika hivi:

powercfg /batteryreport

Bonyeza Enter. Itakuambia imeweka ripoti wapi. Ifungue, inakuja kama ukurasa wa intaneti. Tafuta namba mbili: Design capacity, yaani nguvu ya betri ikiwa mpya, na Full charge capacity, nguvu inabeba sai.

Tuseme ilitoka kiwandani na 40,000 mWh na sai inabeba 20,000. Hiyo ni nusu. Betri iliyokuwa inakaa saa 4 sasa itakaa 2, na hakuna Windows mpya itabadilisha hiyo. Hapo unahitaji betri, kwisha.

Hii ripoti ni silaha kama unanunua lapi ya ex-UK. Kabla utoe doh, mwambie muuzaji uko na dakika moja ya kupima betri. Akianza kukasirika, umepata jibu lako.

Na kama tachipadi imeinuka ama sehemu ya chini imevimba, usipime chochote. Betri imefura. Zima, chomoa chaja, usiidunge wala kuikandamiza, peleka kwa fundi. Betri ya lithiamu inaweza kushika moto.

5. Wi-Fi imegoma, ama bando inaisha kama maji

Anza na swali moja: simu yako inapata intaneti kwa hiyo Wi-Fi? Kama hata simu imekataa, shida ni ruta ama kampuni ya intaneti, wacha lapi ipumzike. Kama simu iko sawa:

- Cheki Airplane mode isiwe imewashwa bila wewe kujua.
- Ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi. Kwa hiyo Wi-Fi bonyeza Forget, kisha uingie upya na paswadi.
- Fungua Command Prompt, andika ipconfig /flushdns. Inasaidia kama tovuti zingine zinafunguka na zingine zinakataa.
- Ikikataa kabisa, kuna Network reset. Jua tu itafuta paswadi za Wi-Fi zote umewahi kuhifadhi.

Kama kila tovuti, kuanzia eCitizen hadi ya benki, inakuambia si salama, angalia saa na tarehe ya lapi. Tarehe ikiwa ya miaka iliyopita, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana haviko sawa. Ingia Settings, Time & language, Date & time, bonyeza Sync now. Ikirudi nyuma kila ukizima, ile betri ndogo ya saa ndani ya lapi imekufa. Si kitu kubwa kwa fundi.

Na nyinyi mnawashia lapi intaneti kwa simu: Windows haijui umenunua bando ya soo. Ikipata nafasi inadownload apdeti bila huruma. Ukiungana na simu, fungua hiyo Wi-Fi kwa Settings, uwashe Metered connection. Apdeti nyingi zitangoja. Halafu Data usage itakuonyesha programu gani ilimaliza bando ya juzi. Ukifika kwa Wi-Fi ya bure, hapo sasa apdeti.

6. Skrini nyeusi, sauti imepotea, kibodi imekufa

Skrini imekuwa nyeusi lakini lapi inanguruma? Shika Windows + Ctrl + Shift + B. Utasikia mlio mdogo, skrini itapepesa. Hiyo inaanzisha upya draiva ya picha bila kupoteza kazi yako. Ikikataa, jaribu Windows + P, pengine picha imetumwa kwa projekta haipo.

Sauti: bonyeza alama ya spika na uangalie inatoka wapi. Mara mob lapi bado inaongea na earphone za Bluetooth ziko kwa bag.

Vitufe kadhaa vya kibodi vimegoma? Windows + Ctrl + O inaleta kibodi ya skrini. Utaweza kumaliza assignment leo, kibodi itabadilishwa wiki ijayo.

Kama kifaa chochote kimepotea ghafla baada ya apdeti, bonyeza kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, chagua Device Manager. Pembetatu ya njano ndio inakuambia wapi panauma. Ifungue, ingia Driver, ujaribu Roll Back Driver. Kama kitufe kimefifia, hakuna draiva ya zamani ya kurudia.

7. Windows yenyewe imechafuka

Programu zinajifunga ovyo, Start haifunguki, skrini ya bluu imekuwa rafiki? Jaribu kurekebisha kabla ya kupiga mpya. Bonyeza Windows + X, chagua Terminal (Admin) ama PowerShell (Admin), kisha uandike moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inatengeneza ghala ya faili za Windows na inaweza kuhitaji intaneti. Ya pili inatumia hiyo ghala kubadilisha faili zilizoharibika. Zinaweza kusimama pahali pamoja kwa dakika nyingi. Usizime, weka chaja, enda upike chai.

Kupima diski, andika:

chkdsk C: /scan

Na kwa PowerShell andika Get-PhysicalDisk. Ikikuambia Warning ama Unhealthy, wacha kila kitu, toa faili zako, tafuta diski mpya. Ikisema Healthy bado weka nakala, juu diski inaweza kufa ikiwa na cheti kizuri. RAM nayo unaipima kwa kuandika mdsched kwa Start. Itarestart na kujipima yenyewe.

8. Virusi, na ile namba ya simu kwa skrini

Windows iko na ulinzi wake, inaitwa Windows Security. Ifungue, Virus & threat protection, Scan options. Full scan inapitia kila faili. Kama unashuku kitu kimejificha sana, chagua Microsoft Defender Offline scan. Lapi itarestart na kujikagua kabla Windows iamke.

Ukiona onyo limejaza skrini likisema lapi ina virusi, piga namba hii sasa, usipige. Microsoft haiweki namba ya simu kwa onyo zake. Huyo ni tapeli. Funga kwa Task Manager.

Na zile matangazo zinaruka kwa kona kila dakika? Mara nyingi si virusi. Ni tovuti fulani ya muvi ulibonyeza Allow bila kusoma. Ingia settings za Chrome, Site settings, Notifications, uondoe zote huzijui.

Kuhusu zile programu za kuvunja leseni ya Windows: ikikuomba uzime antivairasi ndio ifanye kazi, umefungulia mwizi mlango ukamshikia taa.

9. Ikikataa kuwaka kabisa

Kwanza chomoa chaja na kila flashi. Shika kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30. Rudisha chaja, washa.

Ikifika alama ya Windows na kukwama, izime kwa kushika kitufe, rudia hivyo mara tatu. Windows itajua kuna shida na kuleta skrini ya marekebisho. Ingia Troubleshoot, Advanced options. Hapo kuna:

- Startup Repair: inajaribu kurekebisha yenyewe.
- Uninstall Updates: kama shida ilianza baada ya apdeti.
- System Restore: inarudisha mfumo na programu vile zilikuwa siku fulani. Haigusi faili zako.

Ukiombwa ufunguo wa namba 48, hiyo ni BitLocker, diski yako imefungwa. Ufunguo kawaida uko account.microsoft.com/devices/recoverykey, kwa akaunti iliyotumika kuanzisha lapi. Kama akaunti ni ya aliyekuuzia ama ya fundi, ufunguo uko kwake, na bila huo ufunguo hata Microsoft hawawezi kukurudishia faili. So leo, lapi ikiwa mzima, ingia hapo uhakikishe ufunguo uko kwako. Iandike kwa karatasi.

10. Reset: unaweza kupiga Windows mpya mwenyewe

Umejaribu zote na bado? Ingia Settings, utafute Reset this PC. Keep my files inaacha faili zako lakini inatoa programu ulizoweka. Remove everything inafuta kila kitu, hiyo ni ya wakati unauza lapi. Cloud download inaweza kula zaidi ya GB 4, so kama uko kwa bando chagua Local reinstall. Hata na Keep my files, nakala ya nje ni lazima.

Fundi anahitajika lini?

Kuna mambo Windows haiwezi. Chai imemwagika, skrini imepasuka, bawaba zimevunjika, betri imefura, shimo la chaja limelegea, feni imejaa vumbi, ama lapi haiwaki hata taa. Na chai ikimwagika, zima hapo hapo, chomoa chaja, igeuze maji yatoke, usijaribu kuwasha ndio uone kama iko sawa.

Ukienda, nenda ukijipanga:

- Toka kwa Gmail na mitandao yote. Kwa simu, ingia WhatsApp, Linked devices, utoe hiyo lapi.
- Futa paswadi zilizohifadhiwa kwa Chrome, ama umtengenezee fundi akaunti yake kwa lapi.
- Piga picha ya lapi, namba yake ya siri ya chini, na kiasi cha RAM na diski kwa Task Manager. Ikirudi, linganisha. RAM ya GB 8 isirudi 4.
- Mwambie kile umeona: "Diski inasema Warning." Msee akisikia hivyo anajua hujakuja kudanganywa.
- Mwambie wazi asifute kitu bila kukupigia.

Ya mwisho, kwa wenye Windows 10

Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Lapi haitazima, lakini haipati tena apdeti za usalama za kawaida. Kuna mpango wa nyongeza kwa wenye wamejiandikisha, nao unafika Oktoba 2026.

Kama unanunua ex-UK sai, ingia Settings, System, About, usome prosesa. Kwa Intel Core, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ni ya 8. Inataka pia TPM 2.0: andika tpm.msc kwa Start ucheki. Muuzaji anaweza kukuambia "hii iko na Windows 11 tayari" na ikawa ililazimishwa. Hiyo namba ya prosesa haidanganyi.

Weka hii pahali utaipata, ama umtumie yule beshte wako hukupigia saa sita usiku akisema lapi imehang na deadline ni asubuhi. Na wewe mwenyewe, kabla ulale leo, fanya vitu viwili: toa nakala ya faili, na uitishe ripoti ya betri.